Zeus, Dios, Dia: namna ya kulitambua jina moja katika sura zake zote

Mtu akisema "Allahu akbar", kisha "astaghfirullaha", kisha "bismillahi", ametaja jina lile lile mara tatu, na kila mara mwisho wake umegeuka: hu, ha, hi. Waliokaa mkekani chuoni wakasomeshwa nahau ya Kiarabu wanaijua sababu. Wengine tumeyasikia tangu utotoni bila kujiuliza. Vyovyote iwavyo, sikio lililozoea hilo limeshapiga hatua ya kwanza katika Kigiriki cha kale, kwa kuwa nacho hugeuza mwisho wa jina kulingana na kazi ya jina hilo katika sentensi. Ila mungu mkuu wa Wagiriki alipata zaidi ya hapo. Kwake hata mwanzo wa jina hugeuka: hapa Zeus, mstari unaofuata Dios.

Nilipoanza kujisomesha lugha hii nilikutana na neno Διός, nikalitafuta kwenye kamusi chini ya herufi delta, nikazunguka na kila neno linaloanza na δι, na hatimaye nikajiridhisha kwamba huyu ni mungu mwingine mdogo ambaye sijamsikia. Jioni nzima ikaenda hivyo. Mwongozo huu ni wa kukuokolea jioni hiyo. Unachohitaji ni kuzijua herufi za Kigiriki, kuwa na daftari, na subira kidogo.

Hatua ya 1: Andika sura tano, uzisome kwa sauti

Kiima (anayetenda): Ζεύς, Zeus
Wito (anayeitwa): Ζεῦ, Zeu
Yambwa (anayetendwa): Δία, Dia
Umiliki (mwenye kitu): Διός, Dios
Upokeaji (anayepewa au anayetendewa): Διί, Dii

Wanaisimu wetu huziita sura hizi "uhusika". Kiswahili hakina uhusika wa namna hii kwenye majina. Kinachokaribia ni lile -ni la "nyumbani" na "shambani". Kazi ambayo Mgiriki huifanya mwishoni mwa jina, sisi huifanya kwa vitu vingine. "Zeus analeta mvua": jina limetangulia kitenzi, basi ni kiima. "Wanamwogopa Zeus": lile -m- ndilo linalosema kwamba yeye ni yambwa. "Hekalu la Zeus": kazi imefanywa na "la". "Walimchinjia Zeus ng'ombe": ile -i- ya kutendea katika "chinjia" ndiyo Διί nzima. Jina lenyewe halikuguswa hata mara moja. Kwa hiyo ukikutana na Διί usianze kuwaza "kupewa" kama msamiati wa darasani. Waza "-i-" ya pikia, chinjia, ombea.

Ushauri wangu, ambao vitabu vingi vya wanaoanza haviufuati: ikariri Διός kabla ya Ζεύς. Sura tatu kati ya tano zinaanza na Δι, na karibu kila neno lililozaliwa na jina hili limetoka upande huo.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini Z na D ni kitu kimoja

Hapa ndipo wengi hukariri tu na kusahau baada ya wiki. Mswahili hana haja ya kukariri, maana mambo haya anayafanya kila siku.

Chukua kiambishi ki-. Mbele ya konsonanti kinabaki kama kilivyo: kiti, kisu, kikapu. Mbele ya irabu mara nyingi kinageuka: ki + ombo ni chombo, ki + a + kula ni chakula. Hakuna anayedhani kwamba ch- ya "chombo" ni kiambishi kingine. I ya ki- imekutana na irabu, ikabanwa, na konsonanti iliyo mbele yake ikalainika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Zeus. Zamani sana, kabla Kigiriki hakijawa Kigiriki, jina lilikuwa Dyeus. D na y zilipobanana mbele ya irabu zikawa z: Dyeus ikawa Zeus. Lakini katika umiliki shina lilikuwa Diw-, yaani i yenyewe ilikuwa irabu kamili inayojitegemea, basi d ikakaa salama: Diwos. Ch na ki, Z na Di. Ni mchezo ule ule.

Sasa hiyo w ya Diwos imekwenda wapi, maana leo tunasoma Dios? Turudi tena nyumbani. Tunasema "fungua", lakini "funguliwa". "Nunua", lakini "nunulia". "Zaa", lakini "zaliwa". Hiyo l haikuzuka. Ilikuwapo kwenye shina tangu mwanzo, ikapotea mwishoni mwa "fungua", ikabaki katika mnyambuliko. Majirani zetu wengi wa Kibantu bado wanaitamka. Wagiriki wa Athens nao waliidondosha w kati ya irabu: Diwos ikawa Dios, Diwi ikawa Dii. Lakini ile w haikufa kabisa. Itazame Ζεύς: υ iliyo katikati ndiyo w yenyewe, imejificha nyuma ya e.

Na hili halikubuniwa na wataalamu ili hesabu itimie. Kuna vibao vya udongo kutoka Pylos na Knossos, miji ya kale ya Ugiriki, vilivyoandikwa yapata miaka 1,200 kabla ya Kristo au kabla ya hapo, kwa mwandiko wa silabi uitwao Linear B ambao Michael Ventris aliufumbua mwaka 1952. Humo mnasomeka di-wo, "wa Zeus", na di-we, "kwa Zeus", w ikiwa mahali pake.

Ukilishika hilo, jamaa wengine wa jina hili wanajitokeza. Kihindi cha kale cha Veda kina Dyaus pita, "Anga baba". Kilatini kina Iuppiter, ambamo "piter" ni "pater", baba. Na Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, naye humwita Ζεῦ πάτερ, "Zeu baba". Maana ya shina ni mwanga wa angani, mchana; dies ya Kilatini, yaani siku, ni ya ukoo huo.

Hatua ya 3: Rekebisha mkazo, maana ulimi wetu utakudanganya

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi mwenzetu akiona Διός atasema DI-os. Alama iko juu ya o: di-OS. Vivyo hivyo di-I. Lakini Δία ni DI-a, kama tungeisema sisi wenyewe.

Kanuni yake ni hii: katika kundi la majina ambamo Zeus yumo, shina likiwa la silabi moja, mkazo huhamia mwishoni katika umiliki na upokeaji, ila katika yambwa hubaki kwenye shina. Wito una alama ya pekee, ile ya mawimbi: Ζεῦ.

Jambo dogo linalowasumbua wanaoanza: ndani ya sentensi utaona Ζεὺς na Διὸς, alama ikiwa imelalia upande wa pili. Si sura nyingine. Alama ya mwishoni mwa neno hugeuzwa hivyo pale neno jingine linapofuata bila kituo.

Hatua ya 4: Zitafute sura zote tano mahali pamoja

Usiishie kwenye orodha. Fungua kitabu cha kwanza cha Iliad, utenzi wa Homer. Ndani ya mistari 511 ya mwanzo utazikuta zote tano. Nazitaja hapa kwa mpangilio wa mistari.

Mstari wa 5: Διὸς δ᾽ ἐτελείετο βουλή, "na shauri la Zeus likawa linatimia". Umiliki. Tazama jinsi Διός ilivyosimama mbali na βουλή, shauri, huku kitenzi kikiwa katikati. Kwetu "shauri la Zeus" haliachanishwi. Mgiriki anaweza kuachanisha kwa sababu mwisho wa jina unabeba lile "la" popote jina liendapo.

Mstari wa 74: mwaguzi Kalchas anamwita shujaa Achilles Διὶ φίλε, "mpendwa wa Zeus". Kwa Kiswahili tumetumia "wa", lakini Mgiriki ametumia upokeaji: mtu huwa mpendwa *kwa* Zeus. Hapa ndipo tafsiri inapomponza mwanafunzi. Usikisie sura kutokana na Kiswahili chako. Itazame herufi ya mwisho.

Mstari wa 502: Thetis, mama yake Achilles, amemshika Zeus magoti na kidevu, naye anamsemesha Δία Κρονίωνα ἄνακτα, "Zeus mwana wa Kronos, bwana". Yambwa, na maneno mawili yanayofuata yamejipanga nyuma yake kwa mwisho ule ule wa -α. Ni upatanisho wa kisarufi, ndugu wa ngeli zetu: "kitabu kizuri kimoja", ki, ki, ki.

Mstari wa 503, hapo hapo chini yake, Thetis anafungua kinywa: Ζεῦ πάτερ. Wito.

Na mstari wa 511, Zeus hamjibu kitu: νεφεληγερέτα Ζεύς, "Zeus mkusanya mawingu". Kiima, mwishoni kabisa mwa mstari, naye amenyamaza.

Nakili mistari hiyo mitano kwa mkono. Mimi niliinakili kwenye kadi moja nikaiweka ndani ya kamusi, na tangu hapo sijarudi kwenye jedwali.

Hatua ya 5: Jihadhari na wanaofanana

Hatari kubwa ni kwa Δία. Yako maneno yanayokaribiana naye mno:

διά, mkazo mwishoni, ni kihusishi: "kupitia" au "kwa sababu ya". Hili utalikuta kila ukurasa.
δῖα, yenye alama ya mawimbi, ni kivumishi cha kike: "mtukufu, wa kimungu". Homer hulitumia kwa miungu wa kike na wanawake mashuhuri.
δι᾽ ni διά iliyokatwa mbele ya irabu, na Δί᾽ ni Δία iliyokatwa vile vile.

Matoleo ya siku hizi hukusaidia kwa herufi kubwa. Mawe ya kale hayakusaidii, maana yamechongwa kwa herufi kubwa tupu bila alama yoyote. Hapo tegemea jirani: διά huhitaji neno la kulitawala, na Δία huhitaji kitenzi au kiapo.

Kosa la pili hutokana na bidii. Mwanafunzi amekwisha kujifunza βασιλεύς, mfalme, ambaye umiliki wake ni βασιλέως. Anaona Ζεύς inaishia vile vile, anaandika "Ζέως". Hakuna neno hilo. Katika kiima na wito wanafanana kweli, Ζεῦ kama βασιλεῦ. Kwingine kila mmoja ana njia yake.

Hatua ya 6: Wapokee Ζῆνα, Ζηνός, Ζηνί

Ukisoma washairi utakutana na seti nyingine: yambwa Ζῆνα, umiliki Ζηνός, upokeaji Ζηνί. Ni Zeus yule yule. Mshairi hupenda kuwa nazo zote kwa sababu Διός na Ζηνός zina mizani tofauti, na mtu mwenye utenzi mkononi anajua thamani ya neno linaloweza kurefushwa au kufupishwa.

Zilivyozaliwa ni kisa kizuri. Yambwa ya kale kabisa ilikuwa Ζῆν, bila -α. Homer bado anayo mara chache mwishoni mwa mstari. Wasemaji waliona kama imepungukiwa, kwani yambwa nyingi za kundi lake zina -α, wakaiongezea: Ζῆνα. Na Ζῆνα ikishakuwapo, masikio yakasikia shina Ζην-, basi Ζηνός na Ζηνί zikafuata zenyewe. Sisi tulifanya hivyo hivyo kwa kitabu. Neno lilikuja kutoka Kiarabu, kitab, na ile ki ilikuwa sehemu ya mzizi. Tukaisikia kama ki- yetu, tukapata vitabu. Leo mwambie mtu "vitabu" ni kosa la kale uone atakavyokutazama.

Wagiriki wenyewe walijiuliza juu ya majina haya mawili. Katika Kratylos, kitabu cha mwanafalsafa Plato, Sokrates anasema kwamba wengine humwita Ζῆνα na wengine Δία, na kwamba ukiyaunganisha unapata maana moja: yule ambaye kupitia kwake, δι᾽ ὅν, viumbe wanaishi, ζῆν. Inapendeza sana kusikia. Lakini kama etimolojia haisimami, na wewe umeshajua kwa nini: Z na D hapo ni chombo na kiti.

Mikoa nayo ilikuwa na matamshi yake. Boeotia na Sparta walisema Δεύς. Wasemaji wa Kidori walikuwa na Ζάν, na kwa sura hiyo tunapata hata wingi, jambo la nadra kwa jina la mungu. Huko Olympia, mwanamasumbwi Eupolos wa Thessalia aliwahonga wapinzani wake katika michezo ya 98, mwaka 388 kabla ya Kristo. Faini zilizotozwa zikatengenezewa sanamu sita za shaba za Zeus, na wenyeji wakaziita Ζᾶνες, "akina Zeus". Ziliwekwa njiani kuelekea uwanjani, kila mwanamichezo azipite.

Hatua ya 7: Jifunze viapo

Katika mazungumzo ya Waathens, Zeus hupatikana zaidi kwenye kiapo kuliko kwenye sala. Νὴ Δία ni "naam, wallahi". Μὰ Δία, mara nyingi na οὐ mbele yake, ni "la, wallahi". Vyote viwili hutaka yambwa. Lakini πρὸς Διός, "kwa jina la Zeus, hebu...", hutaka umiliki. Katika vichekesho vya Aristophanes vinamiminika, mara nyingi vikiwa vimekatwa: νὴ Δί᾽. Usihangaike kutafsiri neno kwa neno. Mtu anayesema "haki ya Mungu" sokoni hafanyi ibada.

Hatua ya 8: Jipime kwa Matendo ya Mitume 14

Wanafunzi wengi wa Kigiriki kwetu wamo katika vyuo vya theolojia, kwa hiyo jaribio hili ni lao hasa. Tuko Lystra. Paulo amemponya kiwete, na umati umepiga kelele kwa Kilikaonia kwamba miungu imeshuka. Mstari wa 12 unasema ἐκάλουν τε τὸν Βαρναβᾶν Δία: walimwita Barnaba Zeus. Kitenzi cha kuita kimechukua yambwa mbili, anayeitwa na jina analoitwa, ndiyo maana ni Δία wala si Ζεύς. Baadhi ya miswada ina Δίαν, yenye ν ya ziada: ule mkono wa watu wa kawaida wanaosawazisha lugha haukuacha kufanya kazi. Mstari wa 13 una ἱερεὺς τοῦ Διός, "kuhani wa Zeus", na ile τοῦ ni kipambanuzi kilichovaa umiliki ili kulingana na jina. Ukiona τοῦ, mwenye kitu yuko karibu.

Biblia zetu huandika "Zeu". Ni sura ya wito, ingawa mstari wenyewe hauna wito wowote. Silaumu, "Herme" aliye pembeni yake naye amevuliwa s yake.

Ukimaliza hapo, angalia majina ya watu. Diotrefe wa 3 Yohane ni "aliyelelewa na Zeus". Zena mwanasheria wa Tito 3:13 ametoka upande wa Ζην-. Diogenes ni "mzaliwa wa Zeus", Diodoros ni "zawadi ya Zeus". Wakristo wa kwanza walibaki na majina hayo bila wasiwasi, kama vile mtu anavyoweza kuitwa Juma bila kuzaliwa Ijumaa.

Mgiriki wa leo hasemi Ζεύς katika mazungumzo yake. Husema ο Δίας, na sayari tunayoiita Mshtarii kwake ni Δίας pia. Yambwa ya kale imepanda ikawa kiima. Kwa hiyo ukisoma maandishi ya Kigiriki cha sasa usishangae kumwona Δία akiwa umiliki: του Δία.

Jaribio la mwisho ni la jiwe. Mawe ya nadhiri ya namna hii yamepatikana kwa wingi huko Ugiriki na Asia Ndogo, na maneno yake huwa machache:

ΔΙΙ ΥΨΙΣΤΩΙ

Hakuna kitenzi, hakuna alama. Iota mbili mwishoni mwa neno la kwanza, iota moja mwishoni mwa la pili: ni upokeaji, mara mbili. Ὕψιστος ni "aliye juu kabisa". Aliyelipia jiwe hakuhitaji kuandika "nimetoa", kwa kuwa mwisho wa jina umeshasema: kwa Zeus Aliye Juu.